Mabwana Harusi Wenye Miwani

Biskuti ya aisingi haitaki haraka. Ukiwa na haraka, kachemshe chai. Ndivyo mama huyu alivyozoea kuwajibu wanaokuja kuagiza leo wakitaka kesho, na mtaa mzima ulimjua kwa maneno hayo, na kwa harufu iliyokuwa ikitoka dirishani mwake tangu asubuhi, hata wakamwita Bibi Vanila. Jina likamganda. Wapo watoto waliodhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Kazi hiyo aliifanya na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana mwenyewe hakuwepo tena. Alikuwa fundi redio, kijana mpole, mwembamba, aliyevaa miwani mikubwa ya duara tangu akiwa shule. Kifua kilimbana msimu mmoja wa baridi, na walimzika binti yake akiwa bado anatambaa. Watu walitegemea mkwe atafunga virago arudi kwao, lakini arudi kwa nani? Mama yake mzazi alikwisha tangulia zamani. Akabaki. Asubuhi moja, machozi hayajakauka vizuri, aliingia jikoni, akafunga aproni ya mama mkwe wake bila kuomba, akasema, "Mama, nifundishe hicho unachofanya. Nikikaa bure nitapata wazimu."

Wakaanza hivyo, na wakagawana kazi bila kukaa kikao. Bibi Vanila alikanda, akasukuma, akakata, akaoka. Zikishapoa alichora ukingo kwa aisingi nzito ya sukari, kile kikuta chembamba kinachoizuia ile nyepesi isimwagike. Mkwe alijaza ndani, akaisambaza kwa ncha ya kijiti cha meno, akatoboa viputo vya hewa kimoja kimoja. Kisha wanangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo wengi wanaposhindwa. Nyeupe isipokauka vizuri ukaweka nyeusi juu yake, nyeusi inatembea, na bwana harusi wako anageuka mkaa. Nyuso zote zilikuwa za mkwe: nyuso za paka, za wanasesere, za wahitimu wenye kofia, za mabibi na mabwana harusi. Bibi Vanila alisema macho yake yamekula chumvi nyingi, hayawezi tena kumtia mtu mwingine macho.

Kufunga walifunga pamoja. Karatasi laini chini ya boksi, biskuti mbili juu yake, kifuniko chenye kidirisha cha nailoni, halafu utepe. Mmoja anavuta fundo, mwingine anakandamiza kwa kidole lisilegee.

"Toa kidole, Mama, nisikufungie humo ukaenda kuliwa harusini."

"Wakinila wataita daktari wa meno. Mimi mgumu."

Walikuwa wakicheka hivyo hata siku za maagizo mengi. Watu waliwaona sokoni wakichagua siagi, wakadhani ni mama na bintiye, na wao hawakuwasahihisha.

Sasa mkwe alikuwa anaolewa.

Mwanamume alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa makamo, mtulivu, ambaye kazi yake ilikuwa imemhamishia mji wa mbali. Baada ya harusi wangeondoka wote watatu: yeye, mke, na yule binti mdogo, ambaye kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo walimwita Chiriku. Msimamizi alifika nyumbani pale mara kadhaa, na kila alipofika Bibi Vanila alikumbuka kitu kilichoungua jikoni. Alimsalimia vizuri, akampa kiti, akampa chai, akatoweka. Uso wake hakuwahi kuutazama. Alimjua kwa viatu, maana ndivyo alivyovitazama muda wote waliposalimiana: vyeusi, vimepigwa rangi mpaka vinakuonyesha sura yako.

Mkwe aliona yote hayo asiseme. Ila siku moja, mikono yake ikiwa na aisingi hadi kwenye vifundo, alisema bila kuinua kichwa, "Mama, siku ile kutakuwa na kiti cha mama wa bibi harusi, pale mbele. Mimi sina mwingine wa kukikalia."

Bibi Vanila alikwenda kufungua jiko, akalifunga tena. Hakujibu siku hiyo wala ya pili yake. Usiulize alilala vipi. Kwamba mkwe anaolewa, hilo alikwisha limeza. Mwanamke kijana hawezi kuzeeka na picha ya ukutani. Lililomkaa kooni ni jingine. Mwanawe ndiye aliyekuwa uzi uliomshona na hawa wawili, na uzi wenyewe ulishakatika. Wakishakwenda huko mbali, yeye atakuwa nani wao? Bibi yake Chiriku, sawa, hilo la damu halifutiki. Lakini huyu mkubwa? Huyu aliyevaa aproni yake bila kuomba? Akazunguka na wazo hilo kama mbwa anayetafuta pa kulala, mwishowe akaona kiti kile ndicho jibu. Atakayekikalia mbele ya watu wote atakuwa mama, na hakuna wa kumvua umama huo.

"Nitakaa," alisema asubuhi wakichekecha unga. "Na biskuti za harusi nitatengeneza mwenyewe, zote, peke yangu. Bibi harusi hajipikii. Wewe usiguse hata kijiti."

"Na nyuso?"

"Nyuso ni nini? Nukta mbili na mdomo. Nitavaa miwani yangu ya kusomea."

Mkwe alimkumbatia huku unga ukiwamwagikia wote wawili, na Chiriku akapiga kelele kwamba bibi na mama wamekuwa mazimwi.

Basi siku moja kabla ya harusi, mkwe alikwenda saluni kusukwa, na Bibi Vanila akabaki na trei zake. Mabibi harusi walikuwa tayari, wamekauka tangu jana, gauni jeupe na vidoti vidogo vya lulu kwenye ukosi. Alijisifu kimoyomoyo. Mabwana harusi nao walikuwa wamekauka suti na mashati na sura, wanangoja macho tu. Akakata ncha ya koni ya karatasi yenye aisingi nyeusi, ncha ndogo kabisa, akaikamua kidogo kwenye kisahani kuijaribu, akakaa kitako.

Mkono ukaanza kwenda. Yeye mwenyewe alikuwa keshafika harusini. Alijiona amevaa gauni lake jipya la rangi ya maji ya bahari, amekaa pale mbele. Alijiuliza mkoba ataupakata au atauweka chini. Alijiuliza wakisema mama wa bibi harusi asimame, ataweza kusimama bila kutetemeka. Utaweza, akajiambia. Jikaze. Ulizaa, ulizika, hushindwi kusimama. Na mkono nao unakwenda, biskuti baada ya biskuti, mwepesi, hautetemeki, hata akajishangaa. Nyuso alikuwa amezikimbia miaka yote ile, kumbe mkono unazijua!

Alipomaliza ya mwisho aliisukuma trei mbele ya feni, akanyoosha mgongo, akaenda kuosha sufuria.

Chiriku aliingia akitoka kucheza kwa jirani, kiatu kimoja mkononi. Akapanda kigoda kutazama trei. Akatulia. Mtoto yule kutulia lilikuwa jambo la kutangazwa.

"Usiguse, hazijakauka," alisema Bibi Vanila bila kugeuka.

"Sigusi. Bibi, mbona baba wamekuwa wengi?"

"Baba gani?"

"Baba. Yule wa picha ya ukutani. Baba wengi namna hii!" Alikuwa anacheka kwa furaha, anawaonyesha kwa kiatu. "Huyu baba, na huyu baba, na huyu kacheka! Kumbe mama anaolewa na baba?"

Bibi Vanila aligeuka na mikono ina povu. Alipafikia pale mezani kwa hatua za mtu anayekwenda kutazama ajali. Mabwana harusi wote walikuwa wamelala safu kwa safu, suti nyeusi, tai ya kipepeo, na kila mmoja amevaa miwani mikubwa ya duara. Hakuna hata mmoja aliyekosa. Na si miwani tu. Kila mmoja miwani yake ilikuwa imeshuka kidogo upande wa kushoto, kama ilivyokuwa ikishuka ile ya fundi redio akiinamia kazi, akawa anaisukuma kwa kifundo cha mkono kwa sababu vidole vina masizi.

Hapo akaelewa mkono ulikojifunza. Bwana harusi wa mwisho kumchora kwa mkono wake alikuwa mwanawe. Alimchora kwa ajili ya harusi yake, trei kwa trei, na miwani yake, na watu wakacheka wakasema mama huyu kamnasa mtoto wake kama kamera. Tangu hapo hakuchora bwana harusi mwingine, na mkwe alipoingia jikoni nyuso zikawa zake. Mkono haukuwahi kuambiwa kwamba kuna bwana harusi mwingine.

"Bibi, nichukue baba mmoja?"

"Nenda kavae kiatu," alisema Bibi Vanila. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nenda, mjukuu wangu."

Alitafuta pini, akaichovya ncha kwenye maji, akaanza na wa kwanza. Nyeusi ilishashika ngozi ya juu. Ukiikwangua inatoka, lakini inaacha duara la kijivu kuzunguka jicho, kama mtu aliyelia usiku kucha. Alikuwa bado kwa huyo huyo wa kwanza mlango ulipofunguliwa na mkwe akaingia, kichwa kimesukwa kikang'aa, anaongea tangu nje.

"Mama, usicheke, yule msusi kanivuta mpaka nyusi zimepanda, nitaingia kesho kama mtu aliyeona..."

Hakumaliza. Alikuwa ameiona trei.

Alisogea polepole. Aliinama akatazama mmoja, halafu aliyefuata, halafu akaacha kutazama mmoja mmoja, akawatazama wote. Mkono ukamwenda mdomoni.

"Sikukusudia," Bibi Vanila alisema. "Nisikie, mwanangu, naapa, sikukusudia. Nilikuwa nawaza mengine. Nilikuwa nawaza kesho, nilikuwa nawaza gauni..."

"Najua."

"Nitazitoa. Nimekwisha anza. Nitapaka rangi ya uso upya, nyembamba, nitazisogeza kwenye feni, kabla watu wa bwana harusi hawajaja kuchukua zitakuwa..."

"Najua, Mama. Keti." Mkwe alivuta kiti akaketi naye. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni asiyafute, labda kwa kuogopa kuharibu alivyosukwa, labda hakuyajua. "Imeshuka kushoto," alisema. "Hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba inashuka kushoto."

Wakalia basi, wawili hao, kila mmoja na upande wake wa meza. Kisha Bibi Vanila alimpa mkwe pini ya pili. Kukataza kwamba bibi harusi hajipikii kulikwisha kwenda na maji. Walikwangua pamoja. Mkwe alikwangua wawili akashindwa. Kila alipofika kwenye daraja la miwani, pale juu ya pua, pini ilimtoka.

"Lete," Bibi Vanila akasema. "Nilimvisha mimi, nitamvua mimi."

Akawavua wote. Alianza na jicho la kulia, akaja la kushoto, akamalizia pua, akapuliza vumbi jeusi. Mwanawe alikuwa anatoka mmoja, anatoka mwingine. Alipofika katikati ya trei alianza kuimba wimbo wa chini chini usio na maneno, aliomwimbia zamani akimkata kucha. Alipogundua anachokiimba akafunga mdomo.

Mkwe alichanganya rangi ya uso, wakapaka upya, wakaziweka mbele ya feni. Wakangoja. Mwishowe Bibi Vanila aliishika koni nyeusi, akavaa miwani yake, akasema, "Haya. Niambie alivyo."

"Nani?"

"Mumeo. Sijawahi kumtazama. Macho yake yakoje?"

"Ya kawaida," alisema mkwe.

"Kawaida sichori. Makubwa? Madogo?"

"Madogo. Akicheka yanapotea kabisa."

Bibi Vanila akaweka nukta mbili ndogo. "Masharubu?"

"Membamba. Anayahangaikia kama bustani."

"Kichwa?"

"Kipara kinaanza. Anakificha kwa kofia."

"Kipara sichori, atanuna siku ya harusi yake. Tabia?"

"Tabia inachorwaje, Mama?"

"Inachorwa mdomoni."

Mkwe alifikiri. "Ni mtu wa kusubiri. Nikinyamaza hanihoji. Ananiletea maji, anakaa." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Chiriku akiongea wakati wa chakula, anaacha kutafuna ili asikie."

Bibi Vanila akachora mdomo mtulivu, umepinda kidogo tu. Akamtazama huyo mgeni aliyekuwa akitokea chini ya mkono wake, macho madogo, masharubu membamba. Hakuwa mbaya. Kwa mara ya kwanza tangu maneno haya yaanze, alihisi kesho anaiweza. Ataingia, atakaa, atamtazama mtu huyu usoni, kwa kuwa sasa anamjua.

Alikuwa karibu kulisema hilo, na mkwe akatangulia.

"Mama, kesho akisimama pale mbele na suti yake, utamwona nani?"

Koni ilisimama hewani.

"Niambie ukweli. Mimi si mgeni wako."

Uongo ungekuwa mwepesi sana hapo. Lakini walikuwa wamekaa meza moja miaka yote hiyo, na pale mezani kulikuwa na kilima kidogo cha vumbi jeusi. "Sijui," alisema Bibi Vanila. "Nilidhani najua."

"Basi usije."

"Nini?"

"Usije, Mama." Mkwe aliushika mkono wake, ule wenye koni. "Nilikuomba kitu kizito, nikajifanya sioni uzito wake. Sitaki ukae pale mbele uvunjike huku watu wanakula. Na mimi nikikuona, nitageuka nirudi nyumbani, na yule mtu hajanikosea lolote. Nisamehe. Kiti atakikalia shangazi yake huyo bwana."

"Nitaweza. Jana sikujua, leo najua. Nimemchora, umeniona nikimchora!"

"Nimekuona."

Bibi Vanila aliweka koni chini. Alitaka kusema mengi na yote yakang'ang'ania kutoka kwa pamoja. Likatoka moja. "Nisipokaa kwenye kile kiti, kesho kutwa nitakuwa nani wenu?"

"Bibi yake Chiriku. Hilo halina mjadala. Likizo zote ataletwa hapa."

"Na wako wewe?"

Mkwe alifungua mdomo. Alikuwa mwanamke mkweli, hakuwa na maneno ya kupamba. Alitafuta, uso wake wote unatafuta, na feni inazunguka. Akaubana ule mkono kwa nguvu, lakini neno hakulipata, na mwanamke mzee aliona kwamba hakulipata.

Ndipo honi ikalia nje.

Shangazi wa bwana harusi hakuwa mtu wa kubisha hodi, alikuwa mtu wa kuingia. Mwili mkubwa, kicheko kikubwa, mkoba mkubwa kuliko vyote. "Jamani, nyumba inanukia mpaka nimetamani kuolewa upya! Ziko wapi? Hee!" Aliinamia trei. "Huyu si mtoto wetu huyu? Tazama masharubu! Bibi Vanila, wewe ni mchawi, mtoto wa kaka yangu umemmaliza! Umemtazama saa ngapi, na kila tukija unakimbilia jikoni?"

"Nimeelekezwa."

Wakafunga maboksi wote watatu, shangazi akiongea kwa niaba ya wote. Karatasi, bibi harusi, bwana harusi, kifuniko, utepe. Mkwe alivuta mafundo, Bibi Vanila akakandamiza kwa kidole, na safari hii hakuna aliyetania. Chiriku alivalishwa viatu vyote viwili, maana yeye na mama yake walikuwa walale kwa shangazi ili kesho waamkie huko. Begi lao lilikuwa mlangoni.

"Basi, mama mzazi wetu," shangazi alisema akijifuta jasho, "gari la kukufuata kesho litafika mapema. Usituchelewe, kiti chako kimewekewa mto."

Mkwe aliinamisha kichwa. Ilikuwa zamu yake kusema. Bibi Vanila alijua neno lolote atakalolisema binti huyu leo, ukoo ule utamkumbusha maisha yake yote: ulimkataza mwenyewe mama aliyekulea.

"Mimi sitakuja," alisema Bibi Vanila.

"Eti?"

"Sitakuja. Nimebadili mawazo. Kiti ukakalie wewe."

Kicheko cha shangazi kilizimika. "Jamani! Siku ya mwisho hii? Ndivyo nilivyowaambia nyumbani, huyu mama ana kinyongo, wakasema namsingizia."

"Hukunisingizia."

"Mama!" mkwe akasema.

"Nyamaza, mwanangu, utaharibu nywele kwa kulia." Akamgeukia shangazi. "Semeni tu kuwa mzee kakataa. Watu wakiuliza, waambieni ni roho mbaya. Mimi nimeishi, maneno hayaniui."

Shangazi alibeba boksi la juu akatoka akinong'ona peke yake. Mkwe alibaki amesimama katikati ya jikoni, kisha akamwangukia mama huyo mabegani, kwa kishindo, kama mtoto, misuko mipya ikamchoma Bibi Vanila shavuni. Chiriku aliwavuta wote wawili sketi, "Twendeni basi, bibi harusi wataharibika na joto!"

Maboksi yalipangwa kiti cha nyuma, na Chiriku akapakatishwa lile la mwisho. Aliweka jicho kwenye kidirisha cha nailoni akawa anamweleza mtu aliye ndani mambo marefu. Gari liliondoka taratibu kwa ajili ya biskuti. Mkwe aligeuka nyuma, akainua mkono.

Bibi Vanila naye akainua wake. Jirani aliyekuwa anafagia aliuliza kwa sauti, "Ndiyo wanakwenda? Na wewe utawafuata kesho?"

"Mimi nina maagizo," alijibu.

Gari likafika kona, likapinda. Alikaa na mkono wake juu muda mrefu baada ya hapo, hata jirani akaacha kufagia akamtazama, maana mkono huo akiushusha ingembidi aingie ndani.